Karatasi Zinazobeba Kesi: Sheria ya Ushahidi wa Ubakaji Ilikotoka

Mkazi wa mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, anayeripoti ubakaji hukutana na fomu mbili kabla hajamwona hakimu: PRC (Post Rape Care) inayojazwa hospitalini, na P3 ya polisi. Wengi huziona kama usumbufu wa foleni. Ukizifuatilia zilikotoka, utaona jinsi sheria ya Kenya ilivyochelewa kumwamini aliyedhulumiwa.

Kwa miongo mingi makosa haya yalikaa ndani ya Kanuni ya Adhabu ya 1930, urithi wa Mwingereza, katika sura ya makosa dhidi ya maadili. Jaji aliyetaka kumtia mtu hatiani kwa neno la mwanamke peke yake alipaswa kwanza kujionya kwamba kufanya hivyo ni hatari. Aliyelalamikia kuibiwa hakutiliwa shaka ya aina hiyo. Kwa hiyo kesi iliegemea daktari na P3 aliyoijaza, na jijini Nairobi fomu hiyo ilitegemea sana ofisi ya daktari wa polisi. Kwa mfanyakazi wa viwanda vya Baba Dogo, hiyo ilikuwa nauli, kibarua cha siku kilichopotea, na saa zinazoyoyoma.

Saa hizo ndizo kiini cha mambo. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri muda unavyopita ndivyo alama mwilini zinavyofifia.

Mageuzi yalianza 2003, Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa ilipoamua kuwa kuwashuku wanawake kwa jinsia yao tu ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Mwaka uliofuata Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kwanza wa kitaifa wa kuwahudumia waliobakwa. Kisha mbunge mteule Njoki Ndung'u, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu, akapeleka bungeni mswada wake. Mjadala ulichafuka kiasi kwamba wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira, na kifungu cha ubakaji ndani ya ndoa kikaondolewa. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Kingono ilipita na kuanza kutumika Julai 2006. Iliruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mlalamishi pekee ikiridhika kuwa anasema kweli, mradi irekodi sababu. Pia ilimpa hakimu uwezo wa kuagiza mshtakiwa atolewe sampuli za kupimwa, ikiwemo DNA.

Kanuni za 2012 ndizo zilizoisogeza sheria karibu na mitaa. Ziliitambua rasmi fomu ya PRC, na kazi ya kumpima manusura haikuwa tena ya daktari peke yake: muuguzi na afisa wa kliniki nao waliruhusiwa. Fomu hujazwa nakala tatu: ya polisi, ya manusura na ya hospitali. Ya polisi ikipotea, kesi haifi nayo.

Nguo nazo zina utaratibu wake. Jamaa wengi, kwa huruma, humwambia mtoto aoge kwanza na nguo zifuliwe. Hapo ushahidi umekwenda na maji. Kila vazi hukaushwa na kutiwa kivyake kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni hufungia unyevu, ukungu ukaota na kuharibu ushahidi. Kila anayeupokea mfuko huo hutia sahihi, tarehe na saa. Sahihi moja ikikosekana, wakili wa mshtakiwa ataanzia hapo.

Mahakama ya Rufaa imesisitiza mara kadhaa kwamba ubakaji huthibitishwa kwa ushahidi, si lazima kwa DNA. Msimamo huo umewaokoa wengi ambao sampuli zao hazikufika maabara. Lakini umempa pia mpelelezi mzembe pa kujificha: ikiwa kesi inaweza kusimama bila maabara, ya nini kujisumbua kupeleka mfuko kwa Mkemia wa Serikali, au katika maabara ya Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) iliyofunguliwa Juni 2022 Kiambu Road?

Marekani ina funzo hapa. Chicago ilianza kutumia kisanduku maalumu cha kukusanyia ushahidi wa ubakaji mwaka 1978, kwa juhudi za Marty Goddard. Miongo mitatu baadaye, 2009, zaidi ya visanduku 11,000 vilipatikana katika ghala la polisi wa Detroit, vingi havijawahi kupimwa. Ndipo majimbo kadhaa yakatunga sheria za kuwapa polisi na maabara makataa ya kupima, na manusura haki ya kujua sampuli zao zilipo.

Sheria yetu ya 2006 haina makataa kama hayo. Manusura huhimizwa awahi hospitalini ndani ya saa 72, ilhali serikali haijapangiwa saa hata moja ya kupima alichokileta. Bunge likirudi kuifanyia marekebisho, lianzie hapo.