Msanii Akifa ni wa Nani?

Tarehe 10 Aprili 2012 shughuli nyingi za Dar es Salaam zilisimama. Steven Kanumba, mwigizaji aliyefariki siku tatu kabla akiwa na umri wa miaka 28, alikuwa anaagwa katika viwanja vya Leaders Club kabla ya kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Umati ulifurika hadi barabarani, watu wakazimia kwa msongamano. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Aprili 2013, mwimbaji wa taarab Bi Kidude alifariki Unguja, akikadiriwa kuwa amepita miaka 100. Kesho yake alikuwa amekwisha kuzikwa Kitumba. Viongozi wa nchi walifika na watu walikuwa wengi, lakini halikujengwa jukwaa, haikupigwa ngoma, wala mwili haukuzungushwa uwanjani.

Ni rahisi kusema kuwa tofauti hiyo ni ya dini tu. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Kila msiba wa msanii una shauri ndani yake, hata kama halisemwi kwa sauti: maiti huyu ni wa nani? Familia inamdai, dini inamdai, serikali inamdai, mashabiki wanamdai, na wasanii wenzake nao wana lao. Kinachotofautisha mila moja na nyingine ni nani anapewa neno la mwisho, na nini kinabaki watu wakishatawanyika.

Tuanze na Unguja. Kwa desturi ya pwani, maiti anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa na kuzikwa haraka. Wanaume hulisindikiza jeneza makaburini, wanawake hubaki msibani. Tajiri na maskini huvikwa sanda ileile. Desturi hii inamvua msanii usanii wake: anayezikwa ni mja, na kinachosomwa ni dua. Kwa Bi Kidude jambo hili lilikuwa zito zaidi. Yeye alikuwa mpigaji wa msondo na mwalimu wa unyago, aliyewafunda wanawali ndani, wanaume wakiwa mbali. Aliimba bila buibui, akavuta sigara mbele za watu, akatunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005. Hata hivyo safari yake ya mwisho ilikuwa mikononi mwa wanaume, na wanawake aliowafunda hawakuwa kaburini. Anayeliona hilo kuwa dhuluma hajaijua pwani. Huo ndio mpaka ambao Bi Kidude mwenyewe aliishi akiuvuka na kurudi. Lakini ni kweli kwamba mazishi ya namna hiyo hayaachi nafasi ya kuikumbuka kazi. Nafasi hiyo lazima itafutwe mahali pengine.

Kwamba dini peke yake haiamui kila kitu, Cairo ilikwisha kuonyesha. Umm Kulthum, mwimbaji ambaye sauti yake ilisikilizwa sana na wapenzi wa taarab wa Zanzibar, alifariki tarehe 3 Februari 1975. Alikuwa Mwislamu aliyeanza kwa kusoma Kurani tangu utotoni, na kwa desturi angezikwa upesi. Mazishi yakasogezwa mbele ili wageni wa nje wafike. Serikali ilipanga msafara wa heshima, lakini watu waliojaa mitaani wakalichukua jeneza kutoka kwa wabebaji rasmi, wakalipitisha bega kwa bega hadi msikiti wa Husein. Dini ni ileile, ila pale wananchi ndio waliojitwalia neno la mwisho. Hawakumwimbia wala kumpigia fidla. Walichodai ni haki ya kumbeba.

Kinshasa dai kubwa zaidi hutolewa na dola. Mwanamuziki Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan alfajiri ya tarehe 24 Aprili 2016, katikati ya onyesho, akiwa na miaka 66. Mwili ulirudishwa nyumbani, ukawekwa Palais du Peuple, jengo la Bunge, na marehemu akatunukiwa nishani ya taifa. Alizikwa tarehe 4 Mei. Kwa siku zote hizo muziki haukunyamaza, kwa sababu matanga ya Kinshasa hayamtenganishi mwanamuziki na muziki wake. Wafuasi wake wa La Sape, watu wa mavazi ya kifahari, walikuja kumlilia wakiwa wamependeza kuliko siku ya harusi. Mgeni angeweza kudhani ni utovu wa adabu. Kwao hiyo ndiyo adabu: Wemba aliwafundisha kuvaa, nao wakavaa.

Lakini heshima ya dola ina upande wa pili. Mwanamuziki mwingine wa Kinshasa, Franco Luambo, alipofariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, serikali ya Mobutu ilitangaza siku 4 za maombolezo. Mwaka 1978 serikali hiyohiyo ilikuwa imemtia gerezani kwa nyimbo zilizoitwa chafu. Msanii aliye hai husumbua, huuliza na hufungwa; akishakufa hawezi tena kubisha, na kila mtawala anaweza kusimama mbele ya jeneza akasema huyu alikuwa wetu. Zimbabwe ilitoa somo jingine. Mwanamuziki Oliver Mtukudzi alipofariki tarehe 23 Januari 2019, serikali ilimtangaza shujaa wa taifa, cheo kinachofungua mlango wa kuzikwa katika makaburi ya mashujaa jijini Harare. Hatimaye alizikwa kijijini kwao, Madziwa. Taifa lilitoa heshima yake, na ukoo ukabaki na mtu wake.

Mila ya nne iko mbali kijiografia, lakini ina jamaa yake hapa kwetu. Katika mji wa New Orleans, Marekani, mwanamuziki husindikizwa na bendi ya tarumbeta. Kwenda makaburini bendi hupiga tenzi za kanisani polepole. Maiti akishaachwa, mdundo hugeuka, na watu walio nyuma ya bendi huanza kucheza barabarani. Fats Domino alipofariki Oktoba 2017 na Dr. John alipofariki Juni 2019, watu waliingia mitaani kwa mtindo huo. Anayetazama kwenye televisheni huona sherehe tu. Asichokiona ni mfuko ulio nyuma yake. Baada ya utumwa, watu weusi wa mji ule walianzisha vyama vya kusaidiana: mwanachama alitoa ada, akiugua alitazamwa, akifa alizikwa kwa heshima na bendi ikamsindikiza. Kwa ufupi, vilikuwa vyama vya kufa na kuzikana.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na vyama vya aina hiyo. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 vikundi vya beni, vyenye tarumbeta, ngoma na vyeo vya kijeshi vya kuigiza, vilishindana Lamu na Mombasa, kisha vikaenea bara. Navyo vilisaidia wanachama katika maradhi na mazishi. Tofauti ni kwamba beni ya pwani ilipiga harusini na mitaani, na ilipofika kaburini ikatoa mkono wa msaada bila kupiga tarumbeta. New Orleans waliunganisha mambo hayo mawili, na ndiyo maana kijana wa pale hujifunza kazi ya marehemu siku ileile ya kumzika: anabeba ala, anafuata wakubwa, anashika mdundo. Mazishi ni darasa.

Dar es Salaam imechukua kidogo kutoka kila upande. Kuna kamati ya mazishi, kuna uwanja, kuna hotuba za viongozi, kuna kamera, kisha kuna shehe au mchungaji. Tatizo langu na mtindo huu haliko katika ukubwa wake. Kulia hadharani ni haki ya watu waliompenda mtu hadharani. Tatizo ni kwamba nguvu yote huishia siku moja. Mzee Majuto, yaani Amri Athumani, aliyewachekesha Watanzania kwa miongo kadhaa, alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa kwao Tanga. Miezi michache kabla, maradhi yake yalikuwa yameibua swali la aibu: mtu ambaye sura yake imeuza filamu na matangazo yote yale anakosaje fedha za matibabu? Wizara yenye dhamana ya sanaa ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Swali hilo ndilo lililostahili kuendelea kuulizwa baada ya matanga kuanuliwa.

Nikizipima mila hizi, sioni kuwa pwani inahitaji kuazima tarumbeta makaburini. Mazishi yake yana haki na unyenyekevu ambao nchi nyingi zimeupoteza. Tena pwani ina njia yake ya kukumbuka, na njia hiyo ni maandishi. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Sauti yake tunayo kwa sababu alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na maisha yake tunayajua kwa sababu mwandishi Shaaban Robert aliketi akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu kile kimefanya kazi ambayo hakuna jukwaa lingeifanya: kimempa msomaji ambaye hakuwahi kumsikia sababu ya kumtafuta. Mtaa nao una njia yake. Kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy kinataja jina la Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kongo aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2010, kila konda anapoita abiria. Hakuna serikali iliyoagiza jambo hilo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: msanii akifa ni wa wale wanaoendelea kuitunza kazi yake, wala si wa waliojaa uwanjani. Kwa kipimo hicho New Orleans imetupita, kwa sababu mazishi yake yanafundisha. Kinshasa inatupita kwa kuuacha muziki uendelee. Sisi tunaweza kuwapita wote tukiamua kuandika na kulipa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Haki za Remmy, kwa mfano, hazitakwisha kabla ya mwaka 2060. Ulinzi huo hauna faida kwa familia isiyojua nyimbo zipi ziliandikishwa, mikataba iko kwa nani na kanda za asili ziko kabati gani. Mhariri atakayeandika tanzia ya msanii ajaye, baada ya kutaja umri, maradhi na mahali pa maziko, na aongeze aya moja: kazi zake zimehifadhiwa wapi, na zikipigwa kesho redioni, nani atalipwa.