Biddle na Jenerali
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Mwaka 1811 Nicholas Biddle, mwanasheria kijana wa Philadelphia, alisimama katika Bunge la jimbo la Pennsylvania kuitetea Benki ya Marekani. Hotuba ilisifiwa, benki ikafa hivyo hivyo. Miaka 12 baadaye akakabidhiwa urais wa benki ya pili, iliyoanzishwa kuziba pengo la ile ya kwanza.

SASA ENDELEA...

Desemba 1831. Ndani ya jengo la marumaru la Mtaa wa Chestnut, lililoiga mahekalu ya Wagiriki, Biddle alikuwa akipiga hesabu asiyoizoea: hesabu ya kura.

Fedha hazikumsumbua. Mtaji wa benki ulikuwa dola milioni 35, moja ya tano mali ya serikali, na mapato ya taifa yaliwekwa humo. Benki za majimbo zikichapa noti kupita kiasi, watu wake walizikusanya noti hizo na kuzirudisha kwa wenyewe wakidai dhahabu na fedha. Kazi ya namna hiyo haimpi mtu marafiki.

Shida ilikuwa hati ya benki. Ingekwisha 1836, na Ikulu alikaa Jenerali Andrew Jackson, ambaye noti za karatasi alizitazama kama utapeli wa mjini.

Asubiri au aombe sasa hati iongezwe muda? Waziri wa Fedha, Louis McLane, alimtahadharisha: ukiomba kabla ya uchaguzi, Jenerali atakukatalia. Henry Clay akamwambia kinyume chake: omba sasa, mwaka wa uchaguzi hatathubutu. Clay mwenyewe ndiye aliyekuwa akigombea urais dhidi ya Jackson, na alikuwa anatafuta fimbo ya kumchapia. Daniel Webster naye akaunga mkono. Seneta huyo alikuwa akilipwa na benki hiyo hiyo kama wakili wake. Mtu aliyesomea sheria angeuliza mapema washauri wake wanakula wapi.

Biddle alimtuma Thomas Cadwalader kwenda Washington kupima upepo. Akasitasita. Mwishowe akakubali, na Januari 1832 ombi likaingia Bungeni.

Juni 11, Seneti ikapitisha muswada kwa kura 28 dhidi ya 20. Julai 3, Baraza la Wawakilishi likafuata: 107 dhidi ya 85. Yule aliyeshindwa akiwa mbunge wa jimbo sasa alikuwa amelishinda Bunge la taifa! Lakini zitazame tena tarakimu hizo, msomaji. Kuivunja kura ya turufu ya rais kunahitaji theluthi mbili katika kila baraza. Hazikufika.

Usiku wa manane, Julai 8, Martin Van Buren, mwandani wa Jackson, aliingia Ikulu akitokea London. Alimkuta Jackson kitandani, amepauka, amekonda, nywele nyeupe zimetimka. Mzee akamshika mkono, hakuuachia. Hakumuuliza habari za safari. Alimwambia kwamba benki ile inajaribu kumuua.

Kisha, kwa sauti isiyo na hasira hata kidogo, akaongeza kwamba yeye ndiye atakayeiua.

Muswada ulikuwa mikononi mwake, bado bila saini.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO