Wageni na Mahame ya Kusini: Historia ya Ununuzi wa Nyumba za Mashambani Italia

Kusini mwa Italia, kuanzia Abruzzo na Molise hadi Puglia, Basilicata, Calabria na kisiwa cha Sicilia, kuna vijiji vingi vyenye nyumba nyingi kuliko watu wa kuzikaa. Waitaliano huliita eneo hili Mezzogiorno. Katika miongo ya karibuni Waingereza, Wajerumani, Waholanzi, Wamarekani na wengineo wamekuwa wakinunua nyumba hizo, baadhi kwa bei ya majumba ya kifahari, baadhi kwa euro 1. Biashara hiyo husimuliwa kana kwamba ilianza na matangazo ya juzi. Kumbe ni sura ya mwisho ya historia ndefu ya ardhi: nani aliimiliki, nani aliilima, na kwa nini aliyeilima aliiacha.

Ardhi ya makabaila

Hadi karne ya 19 sehemu kubwa ya kusini ilikuwa mashamba makubwa ya makabaila na ya Kanisa, yaliyoitwa latifondi. Wakulima wengi hawakuishi shambani. Walikaa kwa maelfu katika miji iliyojengwa vilimani, mbali na malaria ya mabondeni na maharamia wa pwani, na kila alfajiri walitembea mwendo mrefu kwenda kufanya vibarua. Jengo kubwa lililosimama shambani lilikuwa masseria, makao ya mwenye shamba au msimamizi wake, pamoja na ghala, mazizi, kinu cha kukamulia mafuta ya zeituni na mara nyingi kanisa dogo. Huko Puglia, hasa baada ya majeshi ya Waosmani kuuteka mji wa Otranto mwaka 1480, masseria nyingi zilijengwa kama ngome, kwa kuta nene na mnara wa ulinzi.

Bonde la Itria, kati ya Martina Franca, Locorotondo, Cisternino na Alberobello, lilikuwa na desturi nyingine. Wenye ardhi waliwapa wakulima vipande vidogo kwa mikataba ya muda mrefu ili wapande mizabibu, na mkulima akajenga papo hapo kwa mawe ya chokaa aliyoyang'oa shambani mwake. Hizo ndizo trulli, nyumba za mawe yaliyopangwa bila saruji, zenye mapaa ya umbo la pia. Trulli za Alberobello ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1996. Kwa sababu ya mikataba hiyo ya zamani, anayetaka nyumba iliyo peke yake katikati ya mizeituni huipata kwa urahisi Itria, ilhali Sicilia ya ndani na Basilicata huuza zaidi nyumba zilizobanana katika mitaa ya mjini.

Jinsi nyumba zilivyobaki tupu

Italia ilipounganishwa mwaka 1861, wakulima wa kusini walitarajia kugawiwa ardhi. Dalili mbaya ilikuwa imekwisha kuonekana. Agosti 1860 wakulima wa Bronte, chini ya mlima Etna, waliasi wakidai mashamba, na Nino Bixio, kamanda katika jeshi la Garibaldi lililopigania muungano huo, akasimamia hukumu ya haraka ambayo kwayo watu 5 walipigwa risasi. Mwenye milki kubwa huko Bronte alikuwa mgeni, kwani mwaka 1799 Mfalme Ferdinand alimzawadia milki hiyo Admirali Horatio Nelson wa Uingereza, na warithi waliishika hadi mwaka 1981.

Ardhi haikugawiwa, watu wakaondoka. Kati ya 1876 na 1915 karibu watu milioni 14 walihama Italia. Mwanzoni wengi walitoka kaskazini. Baadaye wa kusini ndio waliojaza meli za kwenda Marekani, Argentina na Brazil. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakulima waliingia kwa nguvu katika mashamba yasiyolimwa. Mwaka 1949 polisi waliwaua watatu huko Melissa, Calabria. Mwaka uliofuata serikali ilipitisha sheria za kugawa ardhi na kuanzisha mfuko wa maendeleo wa kusini, Cassa per il Mezzogiorno. Hata hivyo vipande vilivyotolewa vilikuwa vidogo, vingi vyenye udongo duni, na havikuweza kushindana na mishahara ya migodi ya Ubelgiji na viwanda vya Ujerumani, Torino na Milano.

Matetemeko ya ardhi yalikamilisha kazi. La Januari 1968 lilibomoa miji ya bonde la Belice, magharibi mwa Sicilia, ikiwemo Gibellina na Poggioreale. La Novemba 1980 huko Irpinia liliua karibu watu 3,000. Manusura wengi walijengewa makazi mapya, na mitaa ya kale ikawa mahame.

Mirathi nayo ilizifunga nyumba zilizosalimika. Sheria ya Italia humhifadhia kila mtoto fungu lake, hivyo baada ya vizazi vitatu nyumba ya vyumba viwili huweza kuwa na warithi zaidi ya kumi, wengine wakiwa Buenos Aires na wengine New York, wasiofahamiana. Nyumba haikukosa mwenyewe; ilikuwa na wenyewe wengi mno, na bila saini zao wote haiuziki.

Kutoka majumba hadi magofu

Wanunuzi wa mwanzo walikuwa matajiri waliofuata mandhari. Mwaka 1851 Mskoti Francis Nevile Reid alinunua Villa Rufolo huko Ravello, juu ya pwani ya Amalfi, akaikarabati pamoja na bustani yake. Mwaka 1904 Mwingereza Ernest Beckett, Lord Grimthorpe, alinunua Villa Cimbrone katika mji huohuo. Kusini ya wakulima ilijulikana zaidi kupitia kitabu cha mwaka 1945 cha Carlo Levi, mchoraji na mwandishi wa Torino, ambaye utawala wa Mussolini ulikuwa umempeleka uhamishoni katika vijiji vya Basilicata, Grassano na kisha Aliano, mwaka 1935 na 1936. Kitabu hicho kilichangia kuufanya umaskini wa kusini kuwa suala la taifa. Kwa sheria ya 1952 karibu watu 15,000 walihamishwa kutoka makazi ya mapangoni ya Sassi, Matera. Mwaka 1993 mapango hayohayo yalitangazwa kuwa Urithi wa Dunia, na leo mengi yanalaza watalii.

Mwaka 1970 mwandishi wa mapishi Patience Gray, Mwingereza, na mchongaji Norman Mommens walihamia masseria ya Spigolizzi, kusini kabisa mwa Puglia. Waliishi humo miaka mingi bila umeme, wakijifunza kwa majirani mboga za porini na kazi za msimu. Wakati huo Waingereza na Wajerumani wengi walikuwa wakielekea Toscana. Bei za huko zilipopanda, na ndege za nauli nafuu zilipoanza kutua Bari na Brindisi, wanunuzi wakageukia Ostuni, Ceglie Messapica na bonde la Itria. Masseria zikawa hoteli, trulli zikachimbiwa mabwawa ya kuogelea.

Mwaka 2008 Vittorio Sgarbi, mhakiki wa sanaa aliyekuwa meya wa Salemi, mji ulioharibiwa na tetemeko la 1968, alitangaza kuuza nyumba za kale kwa euro 1. Mpango huo ulivuma kuliko ulivyotekelezwa, lakini miji mingine iliuchukua, ikiwemo Gangi na Mussomeli. Sambuca di Sicilia ilinadi nyumba 16 mwaka 2019. Zilikuwa mali ya halmashauri, kwa hiyo hapakuwa na warithi wa kutafutwa. Bei ilianzia euro 1, lakini ushindani uliipandisha hadi maelfu ya euro. Mnunuzi aliweka dhamana ya euro 5,000 na kuahidi kukarabati ndani ya miaka 3 kwa gharama isiyopungua euro 15,000.

Sheria ya ununuzi

Mnunuzi wa kawaida hupata kwanza namba ya kodi, kisha husaini mkataba wa awali na kutoa arubuni. Akijitoa bila sababu ya kisheria huipoteza. Muuzaji akijitoa hurudisha maradufu. Mauzo hukamilika mbele ya notaio, mwanasheria mwenye mamlaka ya umma anayehakiki hati na kuzisajili. Ardhi ya kilimo ina sharti zaidi. Kwa sheria za 1965 na 1971, mkulima anayeilima, au mkulima wa jirani, ana haki ya kuuziwa kwanza kwa bei ileile.

Kwa asiye raia wa Umoja wa Ulaya na asiye na kibali cha ukaazi, Italia hudai usawa, yaani humruhusu kununua ikiwa nchi yake humruhusu Mwitaliano. Sharti hilo linaigusa Afrika Mashariki. Katiba ya Kenya ya 2010 humpa asiye raia upangaji wa ardhi usiozidi miaka 99, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 humpa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Wakazi wa Malindi na Watamu wanalijua suala hili kutoka upande wa pili, kwa kuwa huko Waitaliano ndio wageni wenye majumba.

Faida na mipaka yake

Ukarabati umewapa kazi waashi, maseremala na wapimaji, na umeokoa ufundi wa kujenga kwa mawe. Tangu 2019 wastaafu wanaohamia miji midogo ya kusini kutoka nje hutozwa kodi ya asilimia 7 kwa mapato yao ya ng'ambo. Lakini nyumba ya likizo hufungwa karibu mwaka mzima, na bei zikipanda vijana wa Ostuni hushindwa kununua kwao. Wala mgeni haokoi kilimo: bakteria aina ya Xylella, waliogunduliwa Puglia mwaka 2013, wameua mamilioni ya mizeituni iliyoipa masseria maana yake.

Riace, Calabria, ilijaribu njia nyingine. Baada ya mashua ya Wakurdi kufika pwani yake mwaka 1998, nyumba zilizoachwa na wahamaji zilipewa wakimbizi, na karakana zikafunguliwa. Mpango huo uliingia katika mivutano ya kisiasa na kesi mahakamani, lakini ulidhihirisha kwamba kijiji huhuishwa na watu wanaokaa, wanaosomesha watoto na kufanya kazi humo. Mnunuzi anayehamia moja kwa moja huchangia uhai huo. Anayekuja wiki mbili kwa mwaka huokoa kuta. Kuta zinastahili kuokolewa, ila hazitoshi. Maadamu vijana wa kusini wanaendelea kwenda kaskazini na nje ya nchi kutafuta ajira, sababu iliyozifanya nyumba hizo kuwa tupu bado ipo, na soko la nyumba peke yake haliwezi kuiondoa.