Pua ya Babu

Nilipokutana na Bardolph kwa mara ya kwanza, katika Henry IV ya Shakespeare, nilicheka mpaka machozi. Falstaff hachoki kuitania pua yake nyekundu. Kwake ni taa ya kumulikia njia usiku. Mlevi huyu, nikasema moyoni.

Kicheko kilinikatika mbele ya picha ya Ghirlandaio, mchoraji wa Florence, ya mnamo 1490, ambayo sasa iko Louvre, Paris. Mzee mwenye pua iliyojaa vinundu amempakata mtoto. Mtoto ameinua uso, mkono kifuani pa mzee, anamtazama tu. Hashangai chochote.

Mwaka 1845, Ferdinand von Hebra, daktari wa ngozi wa Vienna, aliipa pua hiyo jina: rinofima. Inatokana na rozasea, ugonjwa unaoiva usoni kwa wekundu. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume, tezi za mafuta za puani hutanuka na ngozi hunenepa mwaka hadi mwaka. Pombe yaweza kuamsha wekundu, lakini siyo inayoiotesha pua. Wapo waliougua bila kuonja hata tone, na bado wakaitwa walevi.

Nyama ikishaota, dawa ya kupaka haiiondoi; hapo kazi ni ya kisu. Katika karne ya 19, Johann Dieffenbach wa Berlin alikata vipande na kushona kingo. Njia iliyodumu ni nyingine: daktari huinyoa nyama tabaka kwa tabaka, kama seremala na randa, hadi umbo la zamani lijitokeze. Kisha anaacha. Siri yote iko katika kujua pa kuachia. Mizizi ya tezi ikibaki, ngozi mpya huota kutoka humo, bila kupandikizwa. Akizidisha, ni kovu. Siku hizi kuna leza, ila sharti ni lilelile.

J. P. Morgan, tajiri wa benki wa Marekani, alikufa na pua yake mwaka 1913. Alichukia kupigwa picha, na picha zake zilirekebishwa. Ghirlandaio hakurekebisha kitu.

Juzi nilimrudia Bardolph, hadi Henry V, anaponyongwa kwa kuiba kanisani. Safari hii sikucheka. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu anayemtazama kama yule mtoto. Sikumpata.