Dungu la Kupandia Mtini: Jinsi ya Kuchagua Lililo Salama Bila Kutoboa Mfuko

Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde huko Michigan, Marekani, hufunguliwa Oktoba 1. Wiki chache kabla ya siku hiyo, wawindaji wengi huwa kwenye simu au dukani wakilinganisha bei za kitu kimoja: dungu la kupandia mtini.

Mkulima wa mpunga anajua dungu ni nini. Ni jukwaa lililoinuliwa, mlinzi anakaa juu yake kufukuza ndege na wanyama waharibifu. Dungu la mwindaji wa Marekani ni ndugu yake wa chuma au alumini. Linafungwa kwenye shina la mti na kumweka mwindaji mita 4 hadi 6 juu ya ardhi, ambako kulungu wa mkia mweupe hamwoni kwa urahisi wala hainusi haraka harufu yake.

Tatizo ni kwamba kutoka mita 5, mtu hukaribia ardhi ndani ya sekunde moja tu. Kuanguka kutoka mtini ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha mabaya na vifo kwa wawindaji wa kulungu Marekani.

Kwa hiyo swali la "lipi bei poa?" haliwezi kutenganishwa na swali la "lipi litanirudisha nyumbani?" Habari njema ni kwamba kifaa kinachookoa maisha si kile cha bei kubwa zaidi dukani.

Kwanza, sheria

Mwongozo huu unahusu Marekani, ambako wanaishi wazungumzaji wengi wa Kiswahili, wakiwemo maelfu waliotoka Kongo na kuhamia majimbo kama Michigan, Kentucky na Iowa. Kila jimbo lina leseni yake, msimu wake na kozi yake ya mafunzo ya uwindaji. Uliza idara ya wanyamapori ya jimbo lako kabla hujanunua chochote.

Kwa walioko nyumbani: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwezi kuwinda bila kibali. Usisome huu kama ruhusa.

Dungu la kupandia ni lipi hasa?

Kuna aina kadhaa za madungu. Lipo la ngazi, ambalo linaegemezwa mtini na kuachwa hapo. Lipo la kuning'iniza, ambalo linahitaji vipandio vya kufunga kwenye shina. Na lipo hili la kupandia, ambalo unapanda nalo.

Hili lina vipande viwili. Cha juu ni cha kukalia, cha chini ni cha kukanyagia. Kila kimoja kina kebo, mnyororo au ukanda unaozunguka mti.

Unainua cha juu na kukiegemeza kwenye shina, unakaa, unavuta cha chini kwa miguu, unasimama, unarudia. Ni kama kiwavi anavyotambaa. Uzito wako ndio unaofanya meno ya dungu yang'ate gome.

Faida yake ni kwamba unakuja nalo asubuhi na kuondoka nalo jioni. Hilo ni muhimu kwa anayewinda kwenye ardhi ya umma, ambako maeneo mengi hayaruhusu kupigilia misumari au kufunga skrubu kwenye miti, na mengine hayataki uache dungu usiku.

Gawa bajeti kuanzia kwenye mkanda

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanatumia pesa yote kwenye dungu, kisha mkanda wa usalama wanachukua wowote ule, au hawachukui kabisa.

Geuza mpangilio. Tuseme una dola 300. Tenga kwanza dola 80 hadi 100 za mkanda wa mwili mzima ulio mwepesi na usiobana. Tenga chache za kamba ya kuvutia mizigo. Kinachobaki, kama dola 200, ndicho cha dungu.

Kwa pesa hiyo unapata dungu la chuma au la alumini la kawaida. Madungu ya alumini mepesi zaidi huanzia kwenye dola 300 na kitu na kupanda. Lakini unachonunua kwa hiyo nyongeza mara nyingi ni wepesi, ukimya na kiti laini. Ni vitu vizuri, ila si vyenyewe vinavyokushika ukiteleza.

Madungu mengi mapya huja na mkanda ndani ya boksi. Ukiwa mzima na haujaisha muda, unafaa. Kasoro yake ni kwamba mingi ni mizito na hujisokota gizani, ndiyo maana watu huuacha kwenye gari. Mkanda mzuri ni ule utakaouvaa kila siku.

Mkanda wa mwili mzima, si wa kiunoni

Usikubali kuuziwa mkanda wa kiunoni au wa kifuani peke yake. Ukianguka na huo, nguvu yote inakwenda sehemu moja ya mwili na unaweza kukubana mpaka ukashindwa kupumua.

Mkanda sahihi unapita mabegani, kifuani na mapajani. Mgongoni una ugwe unaofungwa kwenye kamba iliyozunguka mti.

Angalia mambo matatu:

1. Tarehe. Watengenezaji wengi wanataka mkanda ubadilishwe baada ya miaka 5, hata kama unaonekana mpya.
2. Historia. Mkanda uliowahi kumdaka mtu akianguka hautumiki tena. Kwa sababu hiyo, usinunue mkanda wa mtumba. Hujui umepitia nini.
3. Kitanzi cha kukanyagia. Mtu anayening'inia bila kusogeza miguu, damu hutuama miguuni na anaweza kupoteza fahamu, hata kufa, ndani ya muda mfupi. Kitanzi hiki kinamwezesha kuinuka na kupunguza mbano mapajani akisubiri msaada.

Soma uzito, kisha jipime ukiwa umevaa

Madungu mengi yameandikwa kikomo cha ratili 300, yaani kilo 136. Machache yanafika ratili 350, karibu kilo 159.

Namba hiyo si ya mwili wako tu. Ni mwili, nguo za baridi, buti, begi, maji na silaha. Mtu wa kilo 120 anaweza kudhani ana nafasi ya kilo 16. Avae koti zito, buti na begi la kilo 8, nafasi inakwisha. Panda kwenye mizani ukiwa na kila kitu kabla hujalipa.

Pia angalia uzito wa dungu lenyewe. La alumini huwa kati ya kilo 7 na 11, la chuma huzidi hapo. Kama unatembea mita 200 kutoka kwenye gari, la chuma halitakusumbua sana. Kama unatembea kilomita 2 mgongoni ukiwa nalo, kilo 4 za ziada utazijua. Hapo ndipo kulipia wepesi kuna maana.

Alama za viwango

Tafuta maelezo kwamba dungu limepimwa kwa viwango vya ASTM, au lina uthibitisho wa TMA, chama cha watengenezaji wa madungu cha Marekani. Dungu la mtandaoni lisilo na jina la mtengenezaji, lisilo na kikomo cha uzito wala kijitabu cha maelekezo, liache hata likiwa nusu bei.

Kabla ya kulipa, andika jina la modeli kwenye tovuti ya CPSC, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa. Hapo ndipo hutangazwa bidhaa zilizorudishwa kwa hitilafu. Kazi ya dakika mbili, bure.

Mtumba: ndiyo, lakini kagua

Dungu la mtumba linaweza kuokoa nusu ya pesa. Chuma na alumini hudumu zikitunzwa. Nenda mchana, ulikague hivi:

- Kebo. Zile zilizofunikwa plastiki huficha kutu. Pinda pole pole na tazama palipochanika.
- Maungio ya kuchomelea. Pitisha kidole. Ufa mdogo ni sababu ya kuondoka.
- Bolti, nati na pini. Ziwe za asili. Msumari uliowekwa badala ya pini ni onyo.
- Mikanda ya kitambaa. Jua huidhoofisha, na kuchakulo wa Marekani huitafuna. Ikiwa imepauka au ina nyuzi zilizokatika, badilisha kwa ile ya mtengenezaji.
- Kamba inayounganisha vipande viwili. Isipokuwepo, usipande. Kipande cha chini kikiteleza na kuanguka, utabaki juu umekaa bila pa kukanyaga.

Kama muuzaji hana kijitabu cha maelekezo, tafuta nakala kwa jina la modeli. Usipoipata, achana nalo.

Je, miti ya unapowinda inalikubali?

Swali hili huulizwa mwisho, na lilipaswa kuwa la mwanzo. Dungu la kupandia linataka shina lililonyooka, lisilo na matawi chini, lenye kipenyo cha takribani sentimita 20 hadi 50. Kila modeli ina kipimo chake. Kama msitu wako umejaa miti iliyopinda na yenye matawi ya chini, nunua la ngazi au la kuning'iniza, vinginevyo pesa itakaa stoo.

Mti uwe hai. Hili si neno la kupita. Mdudu mharibifu wa miti ya ash, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, ameua mamilioni ya miti hiyo Marekani, na mingi bado imesimama ikiwa imekauka. Kwa mbali inaonekana imara. Usiipande.

Epuka pia miti yenye gome linalobanduka kwa vipande, pamoja na shina lenye barafu au gome laini lililoloa. Meno ya dungu hayapati pa kung'ata.

Siku ya kwanza, panda nusu mita

Usilipeleke dungu jipya moja kwa moja msituni alfajiri. Lifunge kwenye mti wa karibu na nyumbani, mchana, mtu mwingine akiwepo. Panda nusu mita na kushuka mara kadhaa mpaka mikono ielewe.

Kumbuka shina hupungua unene kadiri unavyopanda. Ndiyo maana unaanza chini ukiwa umeinua kidogo ncha ya mbele ya dungu. Ukifika juu litakuwa limekaa sawa. Ukianza likiwa sawa, juu litainama mbele, na kulirekebisha ukiwa angani ni hatari.

Kisha fuata utaratibu huu kila safari:

1. Kagua dungu na mkanda kabla ya kutoka nyumbani.
2. Vaa mkanda na ujifunge mtini kabla miguu haijaacha ardhi. Watu wengi huanguka wakiwa wanapanda au wanashuka, si wakiwa wamekaa.
3. Sogeza kamba ya mtini juu pamoja nawe. Ukikaa, ugwe usiwe na ulegevu. Ukilegea, utaanguka umbali mrefu kabla haujakudaka.
4. Funga vipande viwili vya dungu pamoja.
5. Usipande na silaha mkononi wala mgongoni. Vuta bunduki isiyo na risasi, au upinde, kwa kamba ukishakaa na kujifunga.
6. Simu na filimbi viwe mfukoni unapofikia hata ukiwa unaning'inia, si kwenye begi. Namba ya dharura ni 911.
7. Mwambie mtu wa nyumbani uko mti gani na utarudi saa ngapi. Akiona saa imepita, ajue pa kuanzia.

Kwa ufupi: punguza wapi, usipunguze wapi

Unaweza kubana pesa kwenye rangi ya kujificha, mto wa kiti, mifuko ya pembeni, sehemu ya kuegemeza bunduki na wepesi wa dungu. Unaweza pia kusubiri msimu uishe, maduka mengi yanaposhusha bei za stoo.

Usibane kwenye mkanda, kamba ya mtini, pini, kebo na kikomo cha uzito. Ukijumlisha gharama ya hivyo vyote, mara nyingi ni chini ya bei ya dungu lenyewe.

Na kama pesa haitoshi msimu huu kwa dungu na mkanda pamoja, nunua kimoja tu, mkanda, na uwinde ukiwa chini. Kulungu wengi hupatikana na watu waliokaa kwenye kigoda nyuma ya kichaka, upepo ukiwapiga usoni. Dungu litanunuliwa mwakani.

Una ndugu au jirani anayejiandaa na msimu? Mtumie makala hii kabla hajalipa.