Nyumba ya Vyumba Sita: Tulikotoka na Mikopo Yetu

Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi hatutaanza na hesabu za hisa. Tutaanza na nyumba, maana karibu sote hapa Manzese tumekulia nyumba za aina moja: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Mwenye nyumba analala chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Kodi hiyo ndiyo ada ya shule, ndiyo pensheni ya bibi.

Nyingi zilijengwa kwa jasho la mwenyewe: mwaka huu msingi, mwakani ukuta, bati baadaye. Serikali nayo ilijaribu kusaidia. Mwaka 1973 ilianza Benki ya Nyumba Tanzania, ile iliyojulikana kwa jina la THB. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi wa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na hapa kwetu Manzese zikaletwa barabara na maji. Aliyetaka kujenga au kutengeneza nyumba akaambiwa aende THB.

Lakini akina mama wangapi waliupata mkopo huo? Benki ilitaka karatasi ya kiwanja na kipato kinachoonekana. Karatasi ilikuwa na jina la baba, na muuza vitumbua hana hati ya mshahara. Tena mikopo mingi haikurudi, na mwaka 1995 THB ikafa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Haki tukawa nayo, fedha bado.

Sisi mwanzoni tulikopeshana mitaji ya biashara tu. Mwaka wa tatu mwenzetu mmoja akaja analia. Nyumba ya marehemu baba yao, anamoishi na watoto wake, kaka zake wanataka iuzwe wagawane. Tulikaa vikao viwili, tukabishana kweli kweli. "Fedha ya wote itafungwaje kwenye ukuta wa mtu mmoja?" Mwisho tukamkopesha anunue sehemu za kaka zake, kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, jina lake likaandikwa. Kodi ya vyumba vitatu ndiyo iliyolipa deni.

Tulikosea pia. Mkopo wa ukarabati uliofuata tuliutoa taslimu wote kwa mkupuo. Ukaishia kwenye harusi. Tangu hapo tunatoa kwa hatua: bati kwanza, tukishaliona juu ndipo lipu, ndipo choo.

Kwa miaka ijayo tunaomba jambo moja. Mama anayekopa kwa ajili ya nyumba atuonyeshe kwanza karatasi yenye jina lake. Tusije tukapaua nyumba ambayo kesho atatolewa na virago vyake.

Mungu akijalia tutakutana tena miaka ishirini.