Kuharakisha Intaneti ya Simu ya Mezani: Historia Fupi ya Namba 576

Tunapozungumzia historia ya intaneti katika Afrika Mashariki, mara nyingi tunaanza na mwaka 2009. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM, uliokuwa umefika Mombasa na Dar es Salaam, ulianza kufanya kazi, na nchi zisizo na bahari kama Uganda yangu zikaunganishwa kupitia kwa majirani. Yaliyotangulia tunayapita kwa sentensi moja tu: "Intaneti ilikuwa polepole." Katika insha hii ninataka kukaa ndani ya sentensi hiyo. Nitaeleza jinsi watumiaji wa miaka ya 1990 walivyobadilisha mipangilio ya kompyuta zao ili waongeze kasi, kisha nitajibu maswali mawili. Je, walifanikiwa kweli? Na ushauri walioufuata ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya nani?

Kwanza, tuangalie chombo chenyewe. Modemu ni kifaa kinachogeuza data ya kompyuta kuwa sauti ili ipite kwenye waya wa simu, halafu upande wa pili sauti inageuzwa tena kuwa data. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa modemu iliyopokea amri kutoka kwenye kompyuta, amri zilizoanza kwa herufi AT. Kasi yake ilikuwa biti 300 kwa sekunde. Kufikia mwaka 1991 kipimo cha kimataifa kilikuwa biti 14,400, mwaka 1994 kikawa 28,800, na mwaka 1998 kikafika 56,000. Lakini namba hizo zilikuwa ahadi ya kiwandani. Waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya maongezi ya watu, na ukiwa mkuukuu au mrefu, modemu hupunguza kasi yenyewe mpaka pale inapoweza kusikilizana na mwenzake. Kwa biti 28,800, faili la megabaiti 1 lilichukua karibu dakika 5.

Dakika hizo zililipiwa. Mtumiaji wa Kampala alikuwa na gharama mbili: ada ya mtoa huduma na gharama ya simu iliyohesabiwa kadiri anavyokaa hewani. Kwa hiyo kuharakisha kompyuta hakukuwa mchezo wa vijana. Mzee mmoja mtaani kwetu, aliyekuwa fundi wa kompyuta miaka ile, alinionyesha daftari lake la shule lenye mipangilio aliyokuwa akiwawekea wateja. Nilipomwuliza kwa nini aliandika yote kwa mkono, alinijibu, "Mwanangu, kuchapisha kulikuwa ghali, na kuunganisha tena ili usome ulichosahau kulikuwa ghali zaidi." Daftari hilo ni hati ya kihistoria kama barua za wakoloni tunazosoma darasani. Ndani yake namba mbili zinarudiwa karibu kila ukurasa: 576 na 2144.

Namba 576 inatokana na pakiti. Data haisafiri kwenye intaneti kama mto, bali hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti hubeba kichwa cha baiti 40 chenye anwani na maelezo ya safari. Kanuni za intaneti za mwaka 1981 zinasema kila kompyuta lazima iweze kupokea pakiti ya baiti 576. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ilitumia baiti 1500 kama ukubwa wa juu, kipimo kinachofaa mtandao wa waya wa ofisini. Tatizo lilitokea pale njiani palipokuwa na kifaa kisichopitisha zaidi ya 576. Pakiti ya 1500 ilikatwa vipande vitatu, na kipande kimoja kikipotea, vyote vitatu vilitumwa upya. Mafundi waligundua kwamba wakifungua rejista ya Windows na kuandika 576, ukataji huo unaisha. Kazi hii ilihitaji uangalifu, kwani kosa dogo kwenye rejista lingeweza kuizuia kompyuta isiwake. Ndiyo sababu vilitokea viprogramu vidogo, kama MTUSpeed, vya kuifanya kwa niaba ya mtumiaji.

Je, ilisaidia? Jibu ni ndiyo na hapana. Palipokuwa na ukataji njiani, tofauti ilionekana. Pakiti ndogo pia zilifaa mtu aliyefanya mambo mawili kwa pamoja, kwa sababu pakiti ya 1500 hushika laini ya 28,800 kwa sekunde 0.42, wakati ile ya 576 huishika kwa sekunde 0.16 tu, kisha nyingine inapata nafasi. Lakini pasipokuwa na ukataji, mtumiaji alipata hasara ndogo. Vichwa vya baiti 40 ni asilimia 2.7 ya pakiti kubwa na karibu asilimia 7 ya pakiti ndogo. Hasara hiyo ilipungua sana ikiwa kompyuta na mtoa huduma walikubaliana kutumia ufinyazi wa vichwa, mbinu iliyochapishwa na Van Jacobson mwaka 1990, ambayo huweza kushusha baiti 40 hadi 3. Windows 98 ilimaliza mjadala kwa kujichagulia yenyewe 576 kwenye laini ya polepole.

Namba ya pili, 2144, ndiyo iliyonifanya niandike insha hii. Kompyuta inayopokea data humwambia mtumaji kiasi anachoweza kutuma kabla ya kusubiri jibu. Kiasi hicho huitwa dirisha la kupokea. Windows 95 iliweka baiti 8192. Ushauri ulioenea ulisema dirisha liwe mara nne ya data iliyomo katika pakiti moja: 576 toa 40 ni 536, na mara nne ni 2144. Kwa mtu wa Marekani ushauri huu haukuwa na madhara makubwa. Jibu likirudi baada ya sekunde 0.3, baiti 2144 zinaruhusu karibu biti 57,000 kwa sekunde, zaidi ya uwezo wa modemu yake.

Sasa tuulete ushauri huohuo Kampala. Kabla ya mkongo, data yetu ya kimataifa ilipita kwenye setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, ni karibu nusu sekunde kabla hujaongeza muda wa modemu na foleni ya njiani. Tukichukua sekunde 1 pale laini ilipojaa, baiti 2144 zinaruhusu biti 17,000 tu kwa sekunde. Mwenye modemu ya 28,800 alijikuta amefunga breki kwa mkono wake mwenyewe, huku akiamini ameongeza mwendo. Lile dirisha la awali la 8192 lingempa zaidi ya biti 65,000, yaani zaidi ya alichohitaji. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hapa mbacha ulikuwa mpangilio wa kiwandani, na msala ulikuwa ushauri uliopita ukitokea mbali.

Mbinu nyingine katika daftari nitazitaja kwa ufupi. Amri X3 iliiambia modemu isisubiri mlio wa simu inaoufahamu, na hii ilifaa sana katika nchi ambazo mlio wake si ule wa kimarekani. Amri S11=50 ilifupisha milio ya kupiga namba na kuokoa chini ya sekunde moja. Kompyuta za zamani zilihitaji chipu ya 16550A yenye hifadhi ya baiti 16, kwani zile za awali zilishika baiti moja tu na kupoteza data kompyuta ilipokuwa na shughuli nyingi. Mbinu yenye faida kuliko zote haikuhitaji rejista wala amri, nayo ni kuzima picha kwenye kivinjari. Ukurasa ukiwa na maandishi ya kilobaiti 10 na picha za kilobaiti 60, mtu asiyezipakua picha hulipia sehemu moja kati ya saba.

Imani potofu nazo hazikukosekana. Baada ya Windows XP kutoka mwaka 2001, ilienea kwamba mfumo huo unaficha asilimia 20 ya kasi ya mtumiaji na kwamba kuna mpangilio wa kuirudisha. Microsoft ilieleza kwamba sehemu hiyo hutengwa tu pale programu inapoiomba, na isipoombwa hutumika kama kawaida. Hata hivyo, watu waliendelea kuibadilisha. Ninaelewa sababu. Anayelipa kwa dakika hupenda kuamini kwamba kuna kitu anachoweza kufanya.

Kwa kuhitimisha, watumiaji wa miaka ile hawakuwa wapokeaji tu wa teknolojia. Walifungua mashine zao, walipima, waliandika na waliambizana. Palipo na kosa, chanzo chake hakikuwa uvivu wala ujinga, bali ushauri uliofika kwa Kiingereza bila kutaja umbali ambao mwandishi wake aliuchukulia kuwa wa kawaida. Sisi tunaosoma Kiswahili leo tunaambiwa kazi yetu ni kutafsiri istilahi. Naona kuna kazi ya ziada. Mwongozo wa kiufundi ukitafsiriwa sawasawa, neno kwa neno, unaweza bado kumpotosha msomaji ikiwa hesabu zake zilifanywa kwa waya mfupi na msomaji anatumia setilaiti. Kabla ya kuuliza neno hili tuliiteje kwa Kiswahili, inafaa tuulize namba hii ilipimwa wapi.